Sura Ilibaki, Fedha Ikatoweka

Neno fedha katika lugha yetu lina maana mbili: madini yale meupe, na pesa kwa jumla. Katika dola ya Warumi maana hizo zilikuja kutengana, ilhali uso wa mfalme uliendelea kutazama kando juu ya sarafu kana kwamba hapana lililotokea.

Wapo wanaozienzi sarafu za Kirumi kwa uzuri wa sura zake. Sipingi uzuri huo. Ninalopinga ni kuichukua sura ile kama pambo. Ilikuwa ahadi ya mtawala kwa aliyeipokea sarafu, na ahadi ya aina hiyo hupimwa kwa mizani.

Julius Caesar ndiye aliyekuwa Mrumi wa kwanza kutiwa sura yake kwenye sarafu za Roma angali hai, mapema mwaka wa 44 K.K. Mwezi Machi akauawa. Ajabu ni kwamba Brutus, mmoja wa wauaji waliodai kuikomboa jamhuri, muda si muda alitoa dinari zenye sura yake mwenyewe, na upande wa pili majambia mawili na kofia ya uhuru. Kumbe hata mkombozi hupenda kuonekana!

Wafalme wakafuata nyayo. Mwaka wa 64 B.K., Nero aliipunguzia dinari uzito na usafi. Mwaka wa 215 Caracalla akaleta sarafu mpya, naye amevishwa taji la miale ya jua. Ilihesabiwa kuwa dinari mbili. Fedha iliyokuwamo ilikaribia ya dinari moja na nusu tu. Gallienus alipofariki mwaka wa 268, fedha haikufika hata sehemu moja ya kumi. Wenye akili walizificha sarafu kuukuu wakatumia mpya. Taji halikupungukiwa na mwale hata mmoja.

Nasi Wakenya, Katiba ya 2010, Kifungu cha 231, imepiga marufuku sura ya mtu yeyote katika noti na sarafu. Sarafu za Desemba 2018 zikaja na twiga, kifaru, simba na ndovu. Nilishangilia. Hata hivyo, kifungu hicho kinahusu uso tu. Hakimzuii simba wa shilingi kumi kusimama imara huku anachoweza kununua kikipungua.

Kwa hiyo nawaomba wenzetu wa historia: mnapotuonyesha picha za sarafu hizo, tuandikieni na uzito wake.