Mechi Isiyochezwa na Redio Isiyonyamaza

Machi 8, 2025 mashabiki walipaswa kuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa dabi ya Kariakoo kati ya Simba na Yanga. Haikuchezwa. Simba waligoma kupeleka timu baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani hapo usiku wa kuamkia mchezo, na Bodi ya Ligi ikaahirisha. Mechi ilikuja kupigwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa. Miezi mitatu na ushei ilipita bila dabi, lakini redio hazikukosa cha kusema. Kanuni za ligi, ambazo shabiki wa kawaida hajawahi kuziona, zilichambuliwa hewani kifungu kwa kifungu, na kila kijiwe cha bodaboda kikapata wakili wake.

Biashara ya redio za michezo imejengwa juu ya ubishi wa namna hiyo. Picha za mpira ni ghali: mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka 10 na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) wenye thamani ya Sh225.6 bilioni kwa ajili ya kuonyesha ligi. Ubishi hauuzwi na shirikisho lolote. Meza moja, vipaza sauti vichache, wachambuzi watatu wasiokubaliana na laini ya simu, saa tatu zinajaa.

Wamarekani waliligundua hilo mapema. Julai 1, 1987 WFAN ya New York ilianza kutangaza michezo saa 24, na wengi hawakuamini kama itadumu. Watangazaji wake Mike Francesa na Chris Russo wakakaa kwenye kipindi kimoja kuanzia 1989 hadi 2008, wakibishana wao kwa wao na wasikilizaji wao. Dar es Salaam leo kazi hiyo inafanywa na Sports Extra ya Clouds FM, Sports HQ ya EFM, Sports Arena ya Wasafi FM na vipindi vingine vingi.

Mvuto wa vipindi hivi si wa kubeza. Enzi za Redio Tanzania, Ahmed Jongo alipotangaza mpira, msikilizaji kazi yake ilikuwa kutega sikio tu. Sasa anajibu. Fundi cherehani anayepiga simu kutoka Tandika anajua kikosi cha kwanza, anajua beki gani anapitika kwa mguu wa kushoto, na kwa dakika moja na nusu mchambuzi anayelipwa inabidi amsikilize. Ni nadra mtu huyo kusikilizwa hivyo na ofisi yoyote ya umma. Mtangazaji akishamtambua kwa sauti, kesho atapiga tena, na jirani zake watafungua redio kumsubiri.

Uaminifu huo ndio unaouzwa kwa wadhamini, na wadhamini wakubwa wa soka letu sasa ni kampuni za kubashiri. Mwaka 2022 M-Bet iliingia Simba kwa Sh26.1 bilioni za miaka mitano, na SportPesa ikaongeza mkataba wake na Yanga. Redioni hali ni hiyo hiyo. Mtangazaji anamaliza kueleza kwa nini timu fulani itashinda, halafu kwa sauti ile ile anasoma odi za mchezo huo. Kijana mwenye mkeka wa kubashiri mfukoni atajuaje uchambuzi umeishia wapi na tangazo limeanzia wapi? Kenya, bodi inayosimamia michezo ya kubahatisha ilisitisha matangazo hayo kwa siku 30 mwezi Aprili 2025. Hapa nyumbani pangeanzwa na jambo dogo zaidi: anayechambua mechi asisome odi zake.

Kasoro kubwa kuliko hiyo ni uvivu wa kwenda uwanjani. Ligi Kuu ina timu 16, lakini saa zinagawanywa kati ya Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga, na zinazobaki zinaliwa na tetesi za usajili. Namungo wakicheza Ruangwa au Prisons wakicheza Mbeya, mara nyingi msikilizaji anapewa matokeo tu. Simba Queens walipomaliza wa nne kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake mwaka 2022, walistahili mjadala wa wiki nzima. Na nje ya soka, Septemba 2025 mwanariadha Alphonce Simbu alikuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya dunia, jijini Tokyo, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mtu huyo ana kocha, ana njia anazokimbilia, ana wenzake anaofanya nao mazoezi. Hizo ni saa ngapi za redio?

Wakurugenzi watasema shabiki anataka Simba na Yanga. Ni kweli, na wapewe. Lakini fedha inayobaki kwa sababu mazungumzo ni rahisi kuyatengeneza ingetosha nauli na posho ya mwandishi mmoja kila mkoa wenye timu ya ligi. Nawe msikilizaji, ukibahatika kuingia hewani jioni ya leo, kabla hujatoa maoni yako waulize: kwenye mechi mnayoichambua, nani wenu alikuwepo uwanjani?