Nani Aliyeleta Siasa Uwanjani?



Upo msemo unaopendwa sana na watu walioshiba: "Michezo isichanganywe na siasa." Husemwa kwa sauti ya upole, kana kwamba msemaji ni mtu wa amani na sisi wengine ni wagomvi. Hata hapa Kighare wapo wanaouokota na kuutumia bila kuuliza umetoka wapi. Ukimwuliza mtu wa namna hiyo atoe mfano wa mchezo usio na siasa, atakwambia: "Tazama kriketi ya Waingereza. Watu wamevaa nguo nyeupe, hawatukanani, na alasiri wanapumzika wanywe chai."

Vema. Tuitazame kriketi ya Waingereza. Tumchukue mmoja wa wapigaji wao hodari, tuyasome maisha yake toka mwanzo hata mwisho, ndipo tuhukumu siasa ililetwa uwanjani na nani.

Mtu mwenyewe ni Basil D'Oliveira. Aliichezea Uingereza mechi 44 za taifa kwa taifa, zile ziitwazo Test, toka mwaka 1966 hata 1972. Kwetu milimani mchezo ni mpira wa miguu, kwa hiyo yafaa tueleze kidogo. Katika kriketi mpigaji hushika kibao na kulinda vijiti vitatu vilivyo nyuma yake. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kupishana, na kila mkimbio huhesabiwa. Mwenye kufikisha mikimbio 100 amefanya kazi ya kusifiwa. D'Oliveira alifanya hivyo mara tano katika mechi za Test, akamaliza na mikimbio 2,484. Huyu hakuwa mchezaji wa kuokotwa njiani.

Lakini D'Oliveira hakuzaliwa Uingereza. Alizaliwa Cape Town, Afrika Kusini, akakulia mtaa wa mlimani penye watu wa rangi mchanganyiko. Mwaka 1950 serikali ya Makaburu ilitunga sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake: huyu Mzungu, huyu Chotara, huyu Mwafrika. Mwaka huo huo ikatunga nyingine ya kugawa mitaa kwa rangi. D'Oliveira akaandikwa Chotara. Tangu hapo hata angekuwa na mikono ya dhahabu, asingeweza kuichezea nchi aliyozaliwa. Viwanja vya majani mazuri vilikuwa vya Wazungu. Yeye na wenzake walicheza katika viwanja vya mawe na vumbi. Huko aliwahi kufanya mikimbio 225 kwa muda wa dakika 70 hivi, na magazeti ya wakubwa hayakuona kitu.

Twauliza: ni nani aliyeleta siasa hapo? Ni huyo kijana mwenye kibao, au ni karani wa serikali mwenye kitabu cha rangi?

Sisi wa Upare hatuhitaji mwalimu wa kutueleza maana ya kupangwa mafungu na mabwana wakubwa. Wazee wetu waliletewa kodi iliyopewa jina la mbiru. Watu wapimwe mali zao, kila mmoja awekwe daraja lake, na wapimaji ndio wajuao. Mwezi wa Januari 1945 watu walishuka milimani kwa maelfu wakaenda Same, wakakaa penye boma. Mwaka uliofuata akina mama wa Usangi nao wakatoka. Hakuna aliyewaambia wazee hao kwamba wamechanganya kilimo na siasa. Au kama aliambiwa mtu, hakusikiliza.

Basi turudi kwa D'Oliveira. Kabla hajajulikana Ulaya alijulikana kwetu. Mwaka 1956 Wahindi wachezaji wa Kenya walikwenda Afrika Kusini, wakacheza na timu ya wasio Wazungu iliyoongozwa naye. Mwaka 1958 yeye akaileta timu hiyo Afrika ya Mashariki. Hata huku kwetu siku zile klabu zilikuwa za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Wagoa mbali, na Mwafrika alikuwa mwokota mipira. Hata hivyo D'Oliveira alikuja, akacheza kama nahodha wa Afrika Kusini, jambo ambalo nchini mwake lilikuwa haliwezekani kabisa.

Mwaka huo alianza kumwandikia barua John Arlott, mtangazaji wa kriketi wa BBC, akiomba atafutiwe nafasi. Arlott, Mwingereza mwenye moyo, alihangaika hata akampatia klabu ndogo ya Middleton, kaskazini mwa Uingereza. Nauli ilichangwa na majirani zake wa Cape Town. Mwaka 1960 akaondoka. Alipoingia timu ya jimbo la Worcestershire alijipunguzia miaka, maana alijua wakubwa wakisikia umri wake wa kweli watasema amekwisha kuzeeka. Ubaguzi ulikuwa umekwisha kumla miaka yake mizuri. Alipovaa kofia ya Uingereza mara ya kwanza, mwaka 1966, alikuwa amepita miaka 34. Wengine katika umri huo huagana na mchezo.

Sasa sikilizeni mambo ya mwaka 1968, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Mwisho wa mwaka huo timu ya Uingereza ilikuwa iende Afrika Kusini. Ikipelekwa na klabu ya MCC, klabu ya mabwana wa London. Kila mtu aliuliza: D'Oliveira akichaguliwa, Makaburu watampokea? Mwezi Machi bwana mmoja, Lord Cobham, aliyewahi kuwa rais wa MCC, alionana na Waziri Mkuu wa Makaburu, John Vorster. Aliambiwa waziwazi kwamba mtu huyo akija, safari itavunjika. Cobham akaipeleka habari hiyo London. Wakubwa wachache wa MCC wakaipata, nao wakaikalia kimya. Kamati nzima haikuelezwa.

Mwezi Juni, katika mechi ya kwanza na Australia, D'Oliveira alifanya mikimbio 87 bila kutolewa, akiwapita wenzake wote. Mechi ya pili akaachwa. Kisha mtu wa kampuni moja ya sigara ya Afrika Kusini akamfuata na ahadi ya pauni 4,000 kwa mwaka, aende kufundisha kriketi huko, mradi aseme mapema kwamba hataki kuchaguliwa. Pauni 4,000 siku zile zilikuwa fedha nyingi mno kwa mtu wa kazi yake. D'Oliveira hakuuza nafasi yake.

Mwezi Agosti, mchezaji mmoja alipougua, D'Oliveira akaitwa katika mechi ya mwisho uwanja wa The Oval. Akafanya mikimbio 158. Uingereza ikashinda. Kisha wachaguzi wakakaa usiku, wakatoka na orodha ya watu wa kwenda Afrika Kusini. Jina la D'Oliveira halikuwamo.

Walisema ni kwa sababu za mchezo tu. Mikimbio 158, ndugu zangu, na sababu ni za mchezo tu! Mtu mzima yule alilia. Watu wa Uingereza wenyewe, wafanyakazi na wasomaji wa magazeti, walikasirika. Katikati ya Septemba mchezaji aliyechaguliwa, Tom Cartwright, akajitoa kwa maumivu ya bega, na wachaguzi wakabanwa hata wakamwita D'Oliveira. Kesho yake, 17 Septemba, Vorster alisimama Bloemfontein akatangaza kwamba hiyo si timu ya MCC tena bali ni timu ya maadui wa serikali yake, wala hataipokea. Tarehe 24 Septemba MCC ikavunja safari.

Hapo ndipo tunapowakamata wenye msemo wao. Leo hadithi hii husimuliwa kana kwamba mabwana wa kriketi waliupiga vita ubaguzi. D'Oliveira alipewa nishani mwaka 1969, na tena mwaka 2005. Toka mwaka 2004 Uingereza na Afrika Kusini zikashindania kombe lenye jina lake. Alipofariki mwezi Novemba 2011, sifa zilimwagwa kama mvua ya vuli. Hatumwonei wivu marehemu. Alistahili zaidi ya hayo. Lakini twasema: sifa za mchezaji zisigeuzwe kanzu ya kuwafunika waliomwacha.

MCC haikukataa kwenda kwa Makaburu. Makaburu ndio walioikataa MCC. Hiyo si tofauti ndogo. Mwezi Desemba 1968 mchungaji David Sheppard, aliyewahi kuwa nahodha wa Uingereza, aliitisha mkutano wa wanachama wa klabu hiyo kuwataka wakubwa wakiri walivyokosea na wasicheze na Makaburu mpaka kriketi yao iache ubaguzi. Zilipopigwa kura akashindwa. Na bado hawakukoma: wakaikaribisha timu ya Makaburu, ya Wazungu watupu, ije Uingereza mwaka 1970!

Tena si mara ya kwanza. Mwaka 1961 Afrika Kusini ilipotoka katika Jumuiya ya Madola, kwa kanuni za siku zile ilipoteza pia kiti chake katika baraza la kriketi la dunia. Je, Uingereza, Australia na New Zealand ziliacha kucheza nayo? Hapana. Ziliendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Kanuni ilikuwapo, urafiki wa rangi ukaipita kanuni. Hiyo nayo si siasa?

Sasa tuseme ni nani aliyeufunga mlango. Tarehe 26 Juni 1959, kabla D'Oliveira hajaondoka kwenda Uingereza wala Tanganyika haijapata Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alisimama mkutanoni London pamoja na Padre Trevor Huddleston, ambaye mwaka uliofuata alikuja kuwa Askofu wa Masasi. Waliwataka Waingereza wasinunue bidhaa za Makaburu. Mwezi Machi 1961 Mwalimu akaandika katika gazeti la Kiingereza kwamba Makaburu wakibaki katika Jumuiya ya Madola, Tanganyika haitaingia. Siku chache baadaye Makaburu wakatoka wenyewe.

Na safari ile ya 1970? Vijana wa Uingereza walikamata viwanja kwa maandamano, na nchi za Afrika zikasema timu hiyo ikifika, sisi hatufiki Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwezi Mei serikali ya Uingereza ikawaomba wakubwa wa kriketi waivunje, wakaivunja. Toka mwaka huo Afrika Kusini haikucheza mechi ya Test hata mwaka 1992, wakati Nelson Mandela alikuwa amekwisha kutoka gerezani. Miaka 22! Kazi hiyo haikufanywa na chai ya alasiri.

Nao waliolipa gharama si mabwana. Mwaka 1976 New Zealand ilipopeleka timu yake ya ragbi kwa Makaburu, Tanzania ilikataa kwenda Olimpiki ya Montreal, na nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, zikakosekana. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, ndiye aliyekuwa ameivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Montreal ilikuwa yake kuigombea. Akabaki nyumbani. Medali ya dhahabu ya mbio zile ikachukuliwa na John Walker wa New Zealand, yule yule aliyeshindwa na Bayi Christchurch. Hesabuni wenyewe: nchi iliyokwenda kucheza na Makaburu ilipata dhahabu, na mtoto wa nchi iliyokataa akapata fedha tu, miaka minne baadaye, kule Moscow. Anayesema siasa yetu ilikuwa rahisi na amwulize Bayi.

Kwa nini twayaandika haya leo, Makaburu wakiwa wameondoka madarakani toka mwaka 1994? Kwa sababu msemo haujaondoka. Bado vijana wetu wafundishwa kwamba mwenye kipaji hazuiliwi, kwamba jitihada ya mtu mmoja yatosha, na mwenye kulalamikia milango iliyofungwa ni mvivu. Maisha ya D'Oliveira yanakanusha jambo hilo. Huyu alikuwa na kipaji, na jitihada, na heshima, na uvumilivu wa kupita kiasi. Alifanya yote anayoambiwa mnyonge afanye. Mikimbio 158 haikumfungulia mlango wa kuingia katika nchi ya mama yake akiwa mtu mbele ya watu. Mlango ule ulifunguliwa na umoja: wanunuzi waliokataa machungwa ya Makaburu, vijana walioshikwa na polisi viwanjani, wanariadha walioziacha medali, na serikali changa zilizosema hapana zikiwa maskini.

Wazee wetu walilijua hilo bila kushika kibao. Mbiru haikufutwa kwa sababu alipatikana Mpare mmoja hodari akasamehewa peke yake. Ilifutwa kwa sababu waliopangwa daraja la juu na la chini walikaa pamoja Same, wakakataa kupangwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi, ndugu mwanachama, siku nyingine mtu aliyeshiba akikwambia usichanganye michezo na siasa, usigombane naye. Mwulize tu habari za mikimbio 158 na za orodha ile ya wachaguzi. Kisha mwulize yeye mwenyewe, wakati Bayi anabaki nyumbani, angekuwa amesimama upande gani wa mlango.