Tusikimbilie Kulaumu Ruta

Nyumbani kwetu Barking tuko watano, ruta moja. Wiki iliyopita mwenzetu alikuwa anashusha Wikipedia ya Kiswahili ya Kiwix kwa BitTorrent, aipeleke kwao Pangani ikasomwe bila intaneti. Kasi ikawa ya konokono, safari ni Jumamosi, na lawama zikaniangukia mimi niliyekuwa nikiongea na mama kwa video. Kufungua mipangilio yake, nikakuta upakiaji ameubana karibu na sifuri, eti aokoe kasi!

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tangu Bram Cohen aitoe mwaka 2001, BitTorrent huwapendelea wanaorudisha vipande, na wenye faili zima wakiwa wachache, mchoyo ndiye anayesota. Ila ukiachia upakiaji bila kikomo, njia inaziba: hata taarifa za kwamba kipande kimepokelewa huchelewa, upakuaji unalegea, na simu ya mama inakatika. Tuliweka kikomo kwenye asilimia 80 hivi ya kasi yetu ya kupakia. Faili likamalizika Ijumaa usiku. Radhi bado sijaombwa.