Mahali pa Kazi Pasipo Shamba la Majaribio

Neno ubunifu halikosekani katika hotuba za wakubwa wetu. Hutajwa katika semina za walimu wakuu, huandikwa katika mipango ya wizara, na tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika mwaka 2019, limehesabiwa miongoni mwa mambo ambayo kila mwanafunzi wa Kenya hana budi kuyapata shuleni. Hata hivyo, mwalimu anayetakiwa kuukuza ubunifu huo aghalabu hufanya kazi mahali ambapo yeye mwenyewe haruhusiwi kubuni lolote. Hapa ndipo penye kasoro, na ndipo ninapotaka tupatazame leo.

Sisi wakazi wa Nakuru hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Pale Njoro kipo kituo cha utafiti wa kilimo kilicho chini ya shirika la KALRO, ambako ngano imechunguzwa tangu zama za ukoloni. Mwaka 1998 ilionekana nchini Uganda aina mpya ya kutu ya shina, maradhi yanayoiangamiza ngano ikiwa bado shambani. Kutu hiyo, iliyoitwa Ug99, iliivunja kinga ambayo wakulima wa nchi nyingi walikuwa wameitegemea kwa miaka mingi. Haikuchukua muda ikaingia Kenya. Mwaka 2005 Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, aliuonya ulimwengu juu ya hatari hiyo, na Njoro ikawa mahali pa kuzipima ngano za mataifa mengi.

Je, wataalamu hao walifanya nini? Hawakuificha ngano wasije wakaipoteza. Waliipanda katika vishamba vidogo vidogo, kisha wakaiambukiza kutu makusudi. Maelfu ya aina za ngano zimepitia hapo, na nyingi zimeliwa na maradhi mbele ya macho ya waliozipanda. Zilizosalimika ndizo zilizoendelezwa hata zikamfikia mkulima. Wala kazi haikuishia hapo. Mbegu iitwayo Robin, iliyotolewa kwa wakulima ikiwa na kinga, mwaka 2014 ilishambuliwa na aina nyingine ya kutu. Wataalamu walirudi shambani wakaanza upya.

Mafunzo ninayoyapata humo ni mawili. Kwanza, anayetaka mbegu bora hana budi kukubali kuziona nyingi zikifa. Pili, dawa ya jana si lazima iwe dawa ya leo, kwa sababu adui naye hubadilika. Kituo ambacho mtafiti angekaripiwa kwa kila mche ulionyauka kisingepata mbegu hata moja.

Sasa tuziangalie shule na ofisi zetu. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, mwalimu kijana aliomba ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi wa hesabu sokoni wakapime, wakakadirie na kulinganisha bei. Aliulizwa maswali mawili tu: nani mwingine amewahi kufanya hivyo, na itakuwaje wakianguka mtihani? Hakuomba tena. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza kazi. Alifunzwa tu kwamba kunyamaza ni salama kuliko kujaribu, na somo hilo alilielewa upesi kuliko yote tuliyofundisha mwaka huo.

Najua wapo watakaosema kwamba ubunifu unahitaji fedha. Nawajibu kwa mfano mwingine wa Njoro. Katika kijiji cha Pwani, shule ya kutwa ya Keriko ilikuwa na kompyuta moja na mtandao wa kusuasua, na wengi wa wanafunzi wake walitoka katika jamaa maskini. Huko ndiko alikofundisha Bruda Peter Tabichi, aliyetunukiwa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mjini Dubai mwezi Machi 2019. Alikwenda katika vituo vya intaneti kutafuta maarifa ya kuwafundishia wanafunzi. Yeye na wenzake walitenga wakati nje ya vipindi kuwasaidia wale waliokuwa nyuma katika hesabu na sayansi. Wanafunzi wakatengeneza kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, na baadhi yao wakafuzu kwenda katika mashindano ya sayansi ya kimataifa kule Arizona, Marekani. Fedha za tuzo zilikuja baada ya kazi, si kabla yake.

Wengine watasema kwamba kila mtu akijaribu lake, nidhamu itavunjika. Hofu hiyo ina msingi, lakini Njoro imekwisha kuijibu. Wataalamu hawakuliambukiza kila shamba la Kenya. Walitenga vishamba, wakaweka mipaka, wakaandika kila walichokiona. Basi na tufanye vivyo hivyo. Kila idara na iwe na kishamba chake: kipindi kimoja kwa juma, kwa muhula mmoja, cha kujaribu njia mpya. Mwalimu mkuu na aidhinishe jaribio hilo kwa maandishi, ili mkaguzi ajapo, mwalimu asiachwe peke yake. Mwisho wa muhula walimu na waketi pamoja, waeleze kilichofaulu na kisichofaulu, na jina la mwenye wazo lisimezwe na cheo cha mkubwa wake. Wengi hunyamaza kazini kwa kuwa waliwahi kutoa wazo likasifiwa kwa jina la mtu mwingine.

Kwenu wanafunzi nina neno moja. Msiihesabu kutu kuwa mambo ya ngano peke yake. Mtakapoingia kazini, iwe ni kiwandani, katika mashamba ya maua ya Naivasha au kwenye mitambo ya mvuke kule Olkaria, mtakuta mengi yaliyokuwa na kinga jana na hayana leo. Msiyadharau yaliyotangulia, kwa maana hata mbegu mpya huzalishwa kutokana na za zamani. Lakini jifunzeni kuuliza swali kwa adabu na kulifuata kwa ushahidi.

Na kwenu wenye mamlaka, hotuba tumezisikia. Mwalimu anayezuiwa kujaribu atawafundisha wanafunzi wake kuogopa, hata kama mtaala umeandikwa kwa wino wa dhahabu. Mkitaka ubunifu shuleni, anzeni kwa kumruhusu mwalimu kujaribu, na jaribio lake likishindwa, muulizeni amejifunza nini kabla ya kumuuliza nani alimtuma.