Pomboo wa Kizimkazi Hawachezi Nasi

Kaskazi ikianza kuvuma, ndege za kukodi huishushia Unguja maelfu ya watu wanaoikimbia theluji ya Warsaw, Milan na Prague. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na wengi wa wale wanaokuja kati ya Desemba na Februari huwa wameshaahidiwa jambo moja kabla hata hawajafungua mabegi: wataogelea na pomboo. Ahadi hiyo huuzwa na papasi, wale madalali wa watalii wa Mji Mkongwe, na mapokezi ya hoteli za Nungwi na Paje, na madereva wa teksi. Pamoja nayo huuzwa imani ambayo sisi wenyeji tumeimeza bila kuitafuna: kwamba pomboo wa Kizimkazi wanapenda watu, kwamba wamezoea, kwamba wanacheza nasi, na kwamba mchezo huo haumdhuru yeyote.

Si kweli. Tena wa kulisema hilo kwanza ni sisi tunaoishi pwani hii, kabla hatujasemewa na wengine.

Tuitazame asubuhi yenyewe ilivyo. Kizimkazi iko kusini-magharibi mwa Unguja, kwa hiyo wakati wa kaskazi kisiwa chenyewe huikinga na upepo, bahari ikatulia. Boti huanza kutoka Dimbani na Mkunguni mapema, jua likiwa bado changa. Nahodha wa kwanza akiyaona mapezi juu ya maji, habari hupita upesi kutoka boti hadi boti. Baada ya muda mfupi kundi moja la pomboo limezungukwa, mashine zinanguruma, na kila nahodha anajitahidi kulitangulia ili awashushe watu wake mbele yake. "Ruka! Ruka sasa!" Watu wanajitosa na miwani usoni na mapezi ya plastiki miguuni, wanayapiga maji kwa mikono, wengine wanapiga mayowe ya furaha. Pomboo wanazama na kuibukia mbali. Wageni wanapandishwa mbiombio, mashine zinavutwa, kundi linafuatwa tena, na watu wanarushwa tena. Huendelea hivyo mpaka wageni wachoke au pomboo wapotelee kilindini.

Anayetaka kucheza na mtu humwendea. Na pomboo wanajua kutuendea wakitaka: kila mvuvi amewahi kuwaona wakija wenyewe kwenye omo ya chombo, wakiliparamia wimbi lake na kujigeuza, kisha wakaondoka walipotosheka. Huo ndio mchezo, na wao ndio wanaouanza na kuumaliza. Mnyama anayezama kila tunapomshukia na kuibuka mgongo ukiwa kwetu anakimbia. Tungemwona paa akifanya hivyo porini, hakuna ambaye angesema anacheza.

Kinachotuhadaa ni uso wake. Mdomo wa pomboo umeumbwa na pindo linaloinuka pembeni, hata mtu huapa kwamba anatabasamu. Lakini umbo hilo ni la mfupa na nyama, halibadiliki kwa furaha wala kwa hofu. Pomboo aliyekufa katika wavu wa jarife ana tabasamu lile lile.

Lililo muhimu zaidi ni kujua tunamkatizia nini. Pomboo hajui kulala fofofo kama sisi. Kila pumzi yake lazima aifuate juu ya maji kwa kukusudia, hivyo hupumzisha upande mmoja wa ubongo huku mwingine uko macho, kundi zima likielea polepole na kwa ukaribu, mara nyingi katika maji ya karibu na pwani yaliyo salama. Lile kundi la asubuhi linalokwenda taratibu, ambalo mgeni huambiwa "leo wametulia, mna bahati", aghalabu ni kundi lililo mapumzikoni. Humo wamo wazazi. Pomboo jike hubeba mimba kiasi cha mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na humnyonyesha kwa miaka, kwa vipindi vifupi vya sekunde chache, chini ya maji, mtoto akiwa ameambatana na ubavu wa mama. Mama akilazimika kukimbia, mtoto hanyonyi. Katika nyumba zetu mzazi hukaa siku arobaini, na asiyekuwa na adabu hata kidogo ndiye angeingia chumbani mwake alfajiri na kundi la watu wasiojulikana, wakimfuata kutoka kitanda hadi ukuta ili wapige picha. Baharini tunalifanya hilo kila siku ya msimu, na tunatoza nauli.

Haya hayahitaji kukisiwa, kwani Kizimkazi imechunguzwa kwa miaka mingi. Watafiti kama Omar Amir na Narriman Jiddawi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja, pamoja na Per Berggren kutoka Ulaya, wamewafuatilia pomboo hawa tangu miaka ya 1990. Hesabu zilizofanywa kati ya mwaka 1999 na 2002 ziliwakadiria wale wenye pua ya chupa, ambao ndio wanaokimbizwa zaidi, kuwa kati ya 136 na 179. Wale wenye nundu, ambao ni waoga na ambao duniani wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, hawakufika mia. Hao ndio wote wa maji yale. Hakuna akiba ya maelfu nyuma ya kisiwa. Utafiti mwingine wa hapo hapo, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwapo, pomboo huacha mapumziko na kushirikiana, na muda wanaoutumia katika mwendo huongezeka zaidi ya mara mbili. Mwendo ni nguvu, na nguvu ni chakula, ambacho nacho wana muda mdogo zaidi wa kukitafuta.

Hapo ndipo huja jibu ninalolisikia kuliko yote: wamezoea. Kama wasingezoea, wangeshahama.

Jibu hili lina sura ya busara, kwa hiyo lipewe haki yake. Kule Shark Bay, magharibi mwa Australia, watafiti waliwafuatilia pomboo wa jamii hii hii ya pua ya chupa kwa miaka mingi. Boti za watalii zilipoongezeka kutoka moja hadi mbili, pomboo katika eneo lile walipungua kwa takriban asilimia 15. Boti mbili tu, tena zenye leseni na masharti. Waliobaki walionekana watulivu mbele ya boti, na mtu asiye na kumbukumbu za nyuma angeandika kwamba wamezoea. Ukweli ni kwamba wale wasiovumilia walikuwa wameondoka, na wavumilivu ndio waliosalia kuhesabiwa. Kwa hiyo utulivu wa wachache tunaowaona hauthibitishi kwamba hakuna dhara. Huenda ndio alama ya dhara lililokwisha kutokea. Katika Bay of Islands, New Zealand, pomboo waliokuwa wakitembelewa na watalii walipungua kwa asilimia 66 katika miaka ishirini, na mwaka 2019 serikali ikapiga marufuku kuogelea nao. Nchi ile haikungoja mpaka wamalizike ndipo ikubali kwamba hawakuwa wamezoea.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, nami naiheshimu. Wazee wa Kizimkazi watakwambia kwamba zamani pomboo aliwindwa ili nyama yake iwe chambo cha papa. Utalii ulipoanza mwaka 1992 watu wakagundua kwamba pomboo hai ana faida kuliko chambo, na kufikia mwaka 1996 uwindaji ukakoma. Hili ni jambo kubwa, na kijiji kina haki ya kujivunia. Utalii uliwaokoa pomboo kutoka kwenye chusa. Ila wema ule hautupi ruhusa ya kuwafanya tutakavyo miaka yote inayofuata. Nyavu za jarife bado zinawanasa na kuwaua, kwa kiwango ambacho watafiti wale wale wa Kizimkazi wameonya kwamba kundi dogo namna hii haliwezi kukihimili. Kundi linalopoteza wanachama wake wavuni halina nafasi ya kunyimwa usingizi pia.

Kisha iko riziki. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika Ghuba ya Menai, kunakoendeshwa biashara hii, vijana wengi hawana kazi nyingine inayolipa kama boti. Sitaki kumwona hata nahodha mmoja amefunga chombo chake. Manahodha nawaamini kuliko wengi wanaowalaumu. Wanaijua Menai kuliko ramani yoyote, na ukikaa nao kwa utulivu, baadhi yao watakwambia wenyewe kwamba pomboo wanachoshwa. Lakini mtazame yule anayezima mashine akiwa mbali na kusubiri. Wageni wake wanawaona wenzao wakiruka, wao wamekaa. Wananung'unika, bakshishi haitoki, na wiki ijayo hoteli inampa kazi mwingine. Adabu ya mtu mmoja inamtia hasara yeye na haimsaidii pomboo. Ndiyo maana ni bure kuwahimiza manahodha mmoja mmoja wawe na huruma, na ndiyo maana miongozo iliyoandikwa zamani na wataalamu pamoja na wanakijiji imebaki makaratasi. Sharti lisilomshika kila mtu asubuhi ile ile humwadhibu anayelitii.

Hata hivyo, hofu kwamba masharti yatamfukuza mgeni haina msingi. Wamisri walikuwa na tatizo kama letu kule Samadai, mwamba wa Bahari ya Shamu karibu na Marsa Alam, ambako Wazungu hukimbilia baridi ikizidi kwao. Boti zilipozidi, wakaligawa eneo mwaka 2004: sehemu ya ndani wanakopumzika pomboo haiingii boti wala mtu, idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, na kiingilio kinalipwa. Watu bado wanakwenda Samadai. Huko Hawaii, ambako nako watu huishi kwa wanaokimbia baridi, tangu mwaka 2021 sheria ya Marekani inakataza kuwasogelea pomboo aina ya wanaojizungusha hewani kwa chini ya mita 45 hivi, kwa sababu hiyo hiyo ya usingizi wa mchana. Hoteli za Hawaii hazijafungwa.

Wala hatuna haja ya kwenda Misri kujifunza. Mgeni yule yule aliyerukia pomboo asubuhi, gari likimrudisha mjini mchana, husimama katika msitu wa Jozani kuwaona kima punju. Huko hulipa kiingilio, huongozwa na mtu wa hifadhi, huambiwa asiguse, asilishe na asisogee mno, na hutoka msituni amefurahi, simu imejaa picha. Sehemu ya mapato hurudi vijijini. Barabarani tuliweka matuta ili magari yasiwagonge, na leo hesabu ya kima punju wa Unguja inazidi 5,000. Nani aliyewahi kuvunja safari yake ya Zanzibar kwa kuwa amekatazwa kumkumbatia kima? Kwa nini mnyama wa msituni apewe heshima hiyo, na wa baharini, aliye mchache kuliko yeye kwa mbali, asipewe?

Imani hii ya kwamba mnyama yupo kwa ajili ya likizo ya mtu imeshaenea nje ya Kizimkazi. Viti vya pweza vinaokotwa chini ya maji na kupangwa juu ya tumbo la mgeni kwa ajili ya picha, ilhali hewa na joto la mikono vinaviumiza. Kasa wanafugwa katika vidimbwi ili wageni waingie kuogelea nao. Ni hadithi ndefu, na kila moja inastahili makala yake. Naanza na pomboo kwa sababu ndiye anayeuzwa kwa jina la urafiki.

Ninachodai ni hiki. Eneo la Hifadhi ya Ghuba ya Menai lipo tangu mwaka 1997, lina kilomita za mraba 470, na lina kamati za vijiji. Wizara inayohusika na bahari ikae na kamati hizo na manahodha wa Dimbani na Mkunguni kabla ya kaskazi ijayo, waiondoe kabisa biashara ya kuwatosa watu juu ya pomboo. Kuwatazama kubaki, mashine ikiwa imezimwa, boti zikiwa na zamu na kikomo kwa kila kundi. Alfajiri iachwe kwa pomboo, safari zianze baadaye. Doria iwe na boti yake na posho yake, kwa sababu mlinzi asiye na mafuta hawezi kumlinda yeyote.

Bei ipande. Safari ya Kizimkazi imeshushwa thamani na mashindano ya papasi mpaka nahodha analazimika kujaza boti na kukimbiza ili apate kitu, huku aliyeuza tiketi mjini akibaki na fungu nono bila kulowa hata kidole. Bei moja, inayolipwa kijijini kwa risiti, ingempa nahodha pato kubwa zaidi kwa wageni wachache. Muda utakaobaki, mgeni apandishwe ngalawa chini ya tanga, apelekwe mikokoni, kisha aonyeshwe msikiti wa Dimbani, ambao maandishi ya Kikufi ya kibla chake yanataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Boti nyingi hupita mbele yake kila asubuhi kwa kasi, zikiwahi kundi.