Mbio za Mtandaoni: Heri Kushindana na Saa

Nina neno, na naomba lisomwe hadi mwisho kabla sijaambiwa nimekuja kutetea michezo ya simu. Sheria ya shule kuhusu simu naijua na sina ugomvi nayo. Ninayoyasema ni ya likizoni, wakati kila mtu yuko kwao, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, kuanzia Watamu hadi Bamba, na simu zimo mikononi wazee wakipenda wasipende.

Neno lenyewe ni hili. Mashindano ya mbio za magari tunayoyaandaa mtandaoni hayana haki kwa namna tunavyoyaendesha, na asiye nacho ndiye anayeburura mkia kila siku. Tena yaweza kutengenezwa bila mtu kutoa hata ndururu.

Kwa asiyejua mambo haya, nieleze kidogo. Usiku, baada ya Isha, watu wanane huingia katika chumba kimoja cha gemu. Si chumba cha nyumba, la. Kila mmoja yuko kwao kitandani, lakini magari yao yamepangwa pamoja kwenye mstari mmoja. Taa zikizimika yanang'oka. Tunakimbia raundi sita, wa kwanza pointi kumi, wa pili nane, na kuteremka hivyo hadi wa mwisho ambaye hupata pointi moja na kejeli tele. Mimi ndimi karani, daftari liko kwangu. Na msidhani kazi ya kuandaa ni ndogo. Huyu bado yuko msikitini, huyu yuko dukani anamsaidia mama yake kufunga, yule simu ina chaji asilimia nne, mwingine ameingia chumba kingine kabisa anakimbia na Wabrazil. Ukimngoja mmoja, saba wanalalama. Ukianza bila yeye, kesho yake mmekuwa maadui. Mara nyingi nimetamani pawe na kadhi wa magari.

Sasa daftari hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Likizo ya Aprili na ya Agosti tulikimbia jumla ya jioni kumi na nane. Waliochukua nafasi ya kwanza jioni hizo zote ni watu watatu tu. Wawili wakaa Malindi mjini, mmoja Watamu, na wote watatu nyumbani mwao mna intaneti ya waya, ile inayolipiwa kwa mwezi. Waliofunga mkia ni walewale wa bando: mmoja wa Ganze, mmoja wa Marafa, mmoja wa Bamba. Ati ni wazembe, ati hawajui kukata kona! Lakini huyo mwenzetu wa Ganze alikuja Malindi kwa shangazi yake mwezi wa Agosti, akakaa siku tatu, akakimbia kwa intaneti ya jirani. Alikuwa wa pili siku zote tatu. Vidole vilikuwa vilevile na simu ileile yenye kioo cha ufa. Kilichobadilika ni waya.

Tufanye hesabu, na mwalimu wetu wa Fizikia yupo. Ndani ya kebo za nyuzi za kioo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kebo zenyewe zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari: SEACOM na TEAMS mwaka wa 2009, EASSy mwaka wa 2010. Seva ya gemu, yaani ile tarakilishi inayopokea habari za magari yote, tuseme iko Ulaya, kilomita 8,000 kwa njia ya kebo. Habari yako ikienda na kurudi imetembea kilomita 16,000. Gawanya, utapata sekunde 0.08. Hiyo ni kwa mwenye waya safi, na hakuna awezaye kuipunguza hata awe tajiri vipi, maana mwanga hauhongwi. Wa bando ana nyongeza yake. Simu yake yaongea na mnara ulio mbali, mnara nao jioni umejaa watu, na habari zangoja foleni. Ikifika sekunde 0.3 si ajabu. Gari la gemu likienda kilomita 180 kwa saa linakata mita 50 kila sekunde. Kwa sekunde 0.3 limekwenda mita 15. Hizo ni karibu matatu tatu za abiria kumi na wanne zikifuatana!

Kwa hivyo mwenzetu anapoliona gari la mpinzani mbele yake, aona lilipokuwa, si lilipo. Simu hukisia lilipo, kisha habari ya kweli ikifika hujisahihisha, ndipo mnaona magari yaruka kama panzi. Akijaribu kupita anagongwa na gari ambalo kwake halipo. Halafu sisi tulio mjini twacheka, twamwambia arudi akaendeshe mkokoteni. Hata hao wa waya wasijione sana: mwezi wa Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, mtandao ulizorota kote Kenya na Tanzania, na mabingwa wetu nao wangeruka kama panzi vilevile.

Wazee wetu walishindana baharini na tatizo hili hawakuwa nalo. Kwenye mashindano ya majahazi kule Lamu kila nahodha ana tanga lake na ujanja wake, lakini upepo ni mmoja. Kusi ikivuma, yamvumia mwenye chombo kipya na mwenye chombo cha viraka. Sisi mtandaoni kila mmoja ana upepo wake, tena ameununua. (Na hapa nicheke kidogo. Ngomeni, hapo juu ya Malindi, ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini. Setilaiti imepaa kwetu kwenda kuchunguza nyota. Marafa, ambako si mbali, picha moja ya WhatsApp yazunguka mpaka ulale.)

Dawa ninayoipendekeza sikuivumbua mimi. Tunayo nchini tangu 1953, nayo ni Safari Rally. Mwaka huo magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Wenzangu wengi hudhani rali ni kukimbia bega kwa bega kama ng'ombe waliotoroka zizini. Sivyo. Gari moja huondoka, dakika zikapita, likaondoka la pili. Kila dereva yuko peke yake na barabara yake, na kadi yake yaandikwa saa kwenye kila kituo. Mpinzani wake ni saa. Tena hapo mwanzo magari yaligawanywa kwa madaraja kufuatana na bei yake dukani, gari la bei ndogo lishindane na la bei ndogo mwenziwe. Waliliona tatizo la pesa mapema kuliko sisi. Na mnajua Joginder Singh alishinda Safari ya 1965 na gari gani? Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine, akiwa na nduguye Jaswant. Akashinda tena 1974 na 1976. Rali yetu iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021 huko Naivasha, magari yalikuwa yakiondoka vivyo hivyo, moja moja.

Basi na sisi tukimbie hivyo. Gemu nyingi za magari, hata hizi za simu, zina mahali pa kukimbia peke yako dhidi ya saa. Hapo habari za barabara na gari zote zimo ndani ya simu yako. Mnara uwe karibu au mbali, kona ni ileile. Jumatatu karani atangaze njia na gari, gari moja kwa wote, lile ambalo kila mtu hupewa bure anapoanza, si lile la kununuliwa kwa pesa. Kila mtu apewe hadi Jumamosi, na majaribio matano ya kuhesabiwa. Bando la kutuma muda wako ni dogo, halimfilisi mtu.

Udanganyifu je? Nilijua mtauliza. Picha ya kioo cha simu inaweza kuchezewa, kwa hivyo jaribio la kuhesabiwa lifanywe mbele ya shahidi aliye mshindani pia, naye aandike muda kwenye kadi na kutia sahihi, kama kwenye kituo cha rali. Wa Ganze na wa Bamba wakikosa mshindani karibu, kaka au dada wa mwenziwe atatosha. Na kwa wale wenye tarakilishi kuukuu nyumbani ama wanaofika saiba, kuna mchezo uitwao TrackMania Nations Forever, uliotolewa bila malipo mwaka wa 2008. Gari ni moja tu kwa wachezaji wote, magari hayagongani, yanapitana kama mizimu, na muda huhesabiwa hadi sehemu ya mia ya sekunde. Mbio zako huhifadhiwa katika faili dogo ambalo mwingine anaweza kulifungua akaona kila kona ulivyoikata. Na tarakilishi ikiwa moja mnaweza kupokezana. Mchezo wa zamani, naam, lakini wauendesha mashine ambayo mjomba alikwisha kuitupa.

Kuna faida nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko hizo zote. Dada zetu watatu walianza nasi Aprili. Agosti hakurudi hata mmoja. Nilipowauliza, jibu lilikuwa moja: saa mbili na nusu usiku ndipo vyombo vinaoshwa, ndipo mtoto analazwa, na mama haelewi ukimwambia ngoja niko raundi ya nne. Wavulana tulio wengi saa hiyo twajinyosha tu. Ikiwa mtu ana wiki nzima ya kukimbia majaribio yake matano, atakimbia saa nane mchana nyumba imetulia. Mmoja wao, niwaambie ukweli, kwa saa angetushinda wote.

Najua hoja ya mabingwa. Wasema bila kugongana hakuna ladha, utakimbia peke yako kama mwendawazimu. Mimi nasema ladha iko kwenye kungoja. Muda wako umetuma Jumatano, Alhamisi wa Mambrui amekupita kwa sehemu sita za mia, na umebakisha jaribio moja. Lala basi, kama utapata usingizi! Wakitaka kugongana na wagongane, raundi za mchezo tu ziendelee kila Ijumaa, ila zisiingie kwenye daftari.

Na kuna pendekezo moja ambalo silikubali kabisa. Katikati ya Agosti baadhi ya wenzetu walitaka kila mtu atoe shilingi 50 na mshindi azoe zote. Kwa hesabu ya daftari langu, hiyo ni zaka ya kinyumenyume: Bamba yamlipa Watamu kila jioni. Hata tukikimbia kwa saa bado sitaki. Sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na kuibadilisha jina ikaitwa kiingilio hakuifanyi kuwa maji. Karani akishika pesa za watu si karani tena. Mshindi atapata jina lake juu ya orodha na sahani moja ya viazi karai, ambayo nimekubali kuigharamia mwenyewe.

Mwalimu mlezi wa chama ameridhia niseme kwamba majina ya likizo ya Disemba yataandikwa siku ya kufunga shule, kwa karatasi, nje ya maktaba. Hadi sasa walioniahidi ni kumi na wanne, wawili kati yao ni wale dada. Mwenzetu wa Ganze alikuwa wa tatu kujiandikisha, na amesema safari hii kwa shangazi haendi.