Koma moja yatosha kupindua grafu ya kipindupindu

Mwanafunzi wa Goma anayetayarisha TFC yake, au mtu wa takwimu katika ofisi ya ONG kule Bunia, anajua hasira ya programu inayokataa kuchora. Anaandika mistari yake ya Python, anabonyeza, na maandishi mekundu ya Kiingereza yanajaa ekrani. Anatafuta msaada, mega zinaisha, umeme unakatika, anaanza upya. Hasira hiyo inaeleweka. Lakini kosa linalopiga kelele si la kuogopwa sana, kwa sababu hakuna anayeweza kupeleka kwa mkubwa wake grafu ambayo haikutoka. La kuogopwa ni lile lisilosema kitu: grafu inatoka safi, ina rangi na kichwa, inawekwa katika ripoti, na ni ya uongo.

Maktaba ya kuchora inayotumiwa zaidi na vijana hao inaitwa matplotlib. Ilianzishwa na Mmarekani John Hunter, mtaalamu wa ubongo, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 2003. Ni ya bure, ni nzuri, na imeandikwa na watu wanaotenga desimali kwa nukta. Huku kwetu shule zilifundisha koma, ile virgule ya Kifaransa, na Excel ya Kifaransa inafuata hivyo hivyo. Hapo ndipo shida inaanza.

Chukua zone ya afya ambapo kipindupindu kinapungua. Kila wiki muuguzi anaandika idadi ya wagonjwa kwa watu 10.000: 12,5, kisha 9,3, kisha 7,8, kisha 4,1. Kijana anafungua faili kwa pandas bila kuieleza kwamba koma ni desimali. Kwa mashini, 12,5 si namba tena, ni neno, kama vile Masisi au Rutshuru. Matplotlib ikipewa maneno haikatai. Inayapanga kama ngazi kwa jinsi yalivyofika: la kwanza chini kabisa, la pili juu yake, la tatu juu zaidi. Basi 12,5 inakaa chini, 4,1 inakaa juu, na mstari unapanda moja kwa moja. Ugonjwa unashuka, grafu inasema unapanda. Hakuna onyo hata moja.

Atakayesoma grafu hiyo atapeleka klorini, mahema na waganga mahali ambapo hawahitajiki sana, na zone ya jirani itangoja.

Dawa yake ni fupi: wakati wa kusoma faili, kuandika decimal=',' na, kama safu zimetengwa kwa nukta-mkato, sep=';'. Halafu kuuliza dtypes kabla ya kuchora lolote. Safu ya namba ikijibu kwamba ni object au str, basi si namba. Hata asiyejua programu anaweza kukamata kosa hili kwa macho: asome namba za pembeni kutoka chini kwenda juu. Kama hazifuatani, au zimebanana mpaka zikawa doa jeusi, grafu irudishwe kwa aliyeichora.

Tarehe nazo zina hila yao. Mlipuko wa Ebola wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, uliochukua maisha ya watu 2287, ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Katika daftari zetu hiyo ni 01/08/2018. Pandas, isipoambiwa dayfirst=True, inaisoma kwa desturi ya Marekani: 8 Januari 2018, karibu miezi saba kabla ya siku yenyewe. Matoleo ya kabla ya 2.0, iliyotoka 2023, yalikuwa mabaya zaidi, maana yalichanganya mitindo miwili ndani ya safu moja. Siku 12 za kwanza za Aprili zilisambazwa katika miezi yote ya mwaka, na zilizobaki zikakaa Aprili. Tangu 2.0 mashini mara nyingi inakataa na kutoa kosa. Wengi wanalalamikia mabadiliko hayo, wangepaswa kuyashukuru. Na kompyuta ambazo hazijasasishwa, kwa kuwa kupakua ni bei, bado zinanyamaza.

Halafu kuna wiki ambayo ripoti haikufika. Februari 2019 vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, kimoja baada ya kingine, kwa siku chache tu. Nyakati kama hizo wagonjwa wapo, anayewahesabu ndiye hayupo. Mtu akijaza 0 katika nafasi tupu, mstari unaanguka mpaka chini kana kwamba ugonjwa umekwisha. Akifuta mstari wa wiki hiyo kwenye jedwali, programu inaunganisha kabla na baada kana kwamba hakuna kilichotokea. Nafasi ibaki tupu, grafu ikatike, na kila wiki iwekewe alama ya duara, kwa maana wiki moja iliyo peke yake kati ya nafasi mbili tupu haionekani kabisa bila alama.

Mengine ni madogo. Picha ikihifadhiwa nyeupe, savefig imewekwa baada ya show; igeuzwe. Majina ya zone yakikatwa pembeni, tight_layout inasaidia.

Kuna wanaosema suluhisho ni kuacha koma na kuandika kama Wamarekani. Hilo ni kumtwika mzigo asiyestahili. Muuguzi wa kituo cha afya anaandika alivyofundishwa, kwa kalamu, mara nyingi kwa mwanga wa tochi. Anayechora ndiye mwenye kompyuta, na ndiye anayelipwa kwa kazi hiyo. Vyuo vikuu vya Goma, Bukavu na Butembo vinavyofundisha Python vingefanya vema kuacha mifano safi ya vitabu vya kigeni kwa wiki moja, na kuwapa wanafunzi faili chafu la hapa, lenye koma, tarehe za kwetu na nafasi tupu.

Na ofisi zinazopokea grafu, pamoja na vyombo vya habari vinavyozichapisha, zidai jedwali lililo nyuma yake. Kabla ya kutia sahihi, daktari mkuu wa zone achague wiki tatu kwenye mstari huo na azitafute katika daftari la kituo. Ni kazi ya dakika kumi.